Gunia la Betri Zilizokufa

MAELEZO YA SHAHIDI ALIYEFIKA KITUONI MWENYEWE

Jina: limo kwenye jalada. Mtaani hujulikana kwa jina la Mama Vifungo.
Umri: miaka 46.
Kazi: fundi cherehani.
Makazi: nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya kiwanda cha zamani cha sabuni, mlango wa kwanza ukiingia getini.
Kuhusu: moto uliotokea katika nyumba hiyo, kifo cha mama mzee aliyekuwa ndani, na kifo cha mkusanya vyuma chakavu.

Mimi ndiye mwenye maelezo haya. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikutumwa na mtu. Afisa anayeniandika amenionya kwamba nikisema uongo sheria itanikamata, nami nimeelewa. Nimemwomba aniandike polepole kwa sababu kifua bado hakijanikaa sawa tangu siku ile.

Kwetu tulizaliwa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu. Wazazi walitangulia mapema, kwa hiyo mdogo wangu nimemlea mimi. Nilipopata chumba katika nyumba ile nilimtafutia na yeye, na alipoolewa, mumewe akahamia hapo hapo. Wao wamepanga sehemu ya mwisho: sebule, chumba chao, na chumba kidogo cha ndani. Katika chumba cha ndani alikuwa akilala mama mzazi wa mumewe. Mama huyo alivunjika nyonga alipoteleza bafuni, na tangu hapo alitembea kwa kushikilia fremu ya chuma, tena mpaka mtu amsaidie kusimama. Chumba hicho hakina mlango wa nje. Ili utoke uani lazima upite sebuleni. Dirisha lake lina nondo, kama madirisha yote ya nyumba ile, kwa kuogopa wezi.

Mume wa mdogo wangu mtaani anaitwa Injinia. Si injinia, chuo amekiona akipita barabarani. Walimpa jina hilo kwa sababu hawezi kuona redio imenyamaza bila kuipasua tumbo. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema ili lisije likasahaulika mbele, maana nitasema na mengine. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwogesha mama yake siku ambazo mdogo wangu hayupo, na hakuona haya.

Miaka miwili iliyopita kampuni moja ilileta mapipa ya kijani mtaani kwetu kwa ajili ya vifaa vya umeme vilivyoharibika. Yaliandikwa ubavuni: "Kibovu leo, kipya kesho." Injinia akafanywa wakala. Kazi yake ilikuwa kuyaangalia mapipa na kuvitunza vitu mpaka gari la kampuni lije. Mwanzoni gari lilikuja. Baadaye likawa linachelewa, kisha halikuonekana tena, na simu ya ofisini kwao ikawa inaita hadi inakatika. Lakini mapipa yalibaki palepale na maandishi yake, na watu waliendelea kutumbukiza simu, pasi, runinga na mashine za ofisini. Kila mtu aliamini kitu kikiingia kwenye pipa kimekwenda kiwandani kuzaliwa upya. Hata mimi nilitumbukiza pasi yangu iliyoungua waya, nikaondoka na moyo mweupe kama mtu aliyetoa sadaka. Kumbe pasi ilihama nyumba tu. Ilikuja kukaa sebuleni kwa mdogo wangu, milango michache kutoka kwangu.

Nilimuuliza Injinia kwa nini asiwaambie watu ukweli kwamba gari haliji. Alisema gari litakuja, na watu wakishazoea kutupa ovyo hawatarudi tena kwenye pipa. Nadhani alikuwa anaamini. Alipenda sana watu wakimpita wamwambie, "Injinia, hongera, mji unapendeza."

Sebule ilijaa. Mama mzee alikuwa mtu wa mzaha, na alikuwa akisema, "Mimi nalala na runinga kumi na mbili na hakuna hata moja inayonipa taarifa ya habari."

Huyo mkusanya vyuma chakavu aliyefariki, sisi tulimwita Sumaku, kwa sababu alikuwa na sumaku ameifunga kamba, anaigusisha kwenye chuma kujua kama ni chuma kweli. Alikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili. Watu wengi mtaani hawakumpenda. Alikuwa anachoma nyaya kule bondeni ili apate shaba, na moshi wake mweusi uliingia majumbani na kukaa kwenye nguo zilizoanikwa. Watu walikuwa wakisema mwangalieni Injinia, anasafisha, na mwangalieni Sumaku, anachafua.

Lakini nyaya alizochoma Sumaku zilitoka kwa Injinia. Ndiyo ukweli wenyewe. Zilitoka kwenye mapipa ya kijani. Injinia alizikata, akazifunga mafungu, Sumaku akazipeleka bondeni. Walikuwa kama kidole na pete wale wawili. Sumaku akirudi na macho mekundu, Injinia alimpa pakiti ya maziwa anywe, akisema maziwa yanaosha kifua, moshi hautakaa. Sumaku aliyanywa yote kama mtoto anayesimamiwa, kisha akakohoa vilevile. Sikuwahi kuona maziwa yakimsaidia, lakini wote wawili waliyategemea.

Afisa ameniambia nije kwenye betri.

Betri za simu na za kompyuta Injinia alizitia kwenye gunia moja sebuleni, karibu na pazia la chumba cha mama yake. Nyingine zilikuwa zimevimba kama mto mdogo wa kuwekea sindano. Siku moja nilikuwa nimekwenda kumpima mama gauni nikamuuliza Injinia kama vile vitu ni salama kukaa ndani. Alicheka.

"Shemeji, hizo ni maiti. Maiti haimuumi mtu."

Mama yake alikuwa amekaa kitandani, pazia likiwa wazi. Akasema, "Hata maiti ikivimba huzikwa haraka, mwanangu. Haiwekwi sebuleni."

Tulicheka wote watatu. Injinia alisema akiziweka nje zitaibwa, na akizitupa bondeni atakuwa hana tofauti na wale wanaochafua. Mambo yakaishia hapo.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumanne asubuhi, Injinia aliingiza mashine kubwa ya kutolea nakala iliyokuwa imeachwa kando ya pipa na watu wa ofisi moja. Alisaidiana na mpagazi wa sokoni. Mimi nilikuwa barazani kwangu nikishona sare za shule, na mlango wa sebule yao ulikuwa wazi, naiona moja kwa moja nikiinua macho. Hapakuwa na nafasi ya kuiweka ile mashine. Waliilaza juu ya gunia la betri, ikaegemea ukutani. Nilisikia kitu kikivunjika, kikavu, kama ganda la yai. Mpagazi aliuliza ni nini. Injinia akamjibu kwamba si kitu, ni taka, na taka haiharibiki mara mbili. Kisha wakatoka wote wawili, Injinia akisema anakwenda kutafuta mtu wa kuifungua.

Mdogo wangu naye alitoka na ndoo ya nguo kwenda bombani. Alinipitia akaniambia, "Dada, nisikilizie mama." Nikamwambia nenda.

Majira ya saa nne Sumaku aliingia na mkokoteni wake. Aliniamkia, akauliza kama Injinia yupo. Nilimwambia ametoka. Alimsalimu mama kwa sauti, akiwa amesimama katikati ya uwanja, na mama akamjibu kupitia dirishani kwamba hajambo ila mguu una maneno yake. Sumaku hakuukaribia mlango wa sebule. Hakuwa na sigara wala kiberiti mkononi, mikono yote miwili ilikuwa kwenye mipini ya mkokoteni. Alipogeuza, gurudumu lilikwama kwenye kizingiti cha geti, nikainuka nikamsaidia kulisukuma. Nililifunga geti mimi mwenyewe nyuma yake. Afisa amenitaka nirudie sehemu hii na nimeirudia. Nilimtoa mimi, na geti nikafunga mimi.

Nikarudi kwenye cherehani. Nilishona pindo la sketi nzima, nikaikunja, nikaanza ya pili. Ndipo nikasikia mlio kutoka sebuleni, kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji. Niliinua macho. Ndani hapakuwa na mtu. Moshi mweupe ulikuwa unatoka chini ya ile mashine, kwenye gunia, unatoka kwa nguvu kama mvuke wa birika. Nilikuwa bado sijasimama vizuri moto ukachomoka gunini. Haukuanza mdogo ukakua. Ulitoka ukiwa mkubwa tayari, pamoja na vipande vilivyoruka hadi kwenye pazia.

Niliita watu. Nilichukua beseni la maji nikakimbilia mlangoni nikamwaga. Gunia lilitulia kidogo, kisha likalipuka upande mwingine. Moshi ulikuwa na harufu tamu mbaya, ukanikata pumzi. Niliona pazia la chumba cha mama linawaka. Nilijaribu kupita nikashindwa. Nasema nilishindwa. Hapo ndipo mkono huu wa kushoto ulipoungua.

Nikazunguka dirishani. Mama alikuwa amejivuta kutoka kitandani hadi chini ya dirisha, sijui kwa nguvu gani. Alishika nondo. Nilichovya kitambaa kwenye pipa la maji ya mvua nikampa, akajifunika pua. Aliniuliza kama mwanawe amerudi. Nikasema bado. Majirani walifika, wengine na ndoo, wengine na mchanga, na kijana mmoja wa gereji akaja na kipande cha bomba akaanza kuzing'oa nondo. Moja ilitoka. Ya pili ikapinda tu. Mara mbili tulisikia upande wa sebuleni wakisema umezimika, tukashukuru, na mara mbili ukawaka tena wenyewe kwenye gunia lile lile.

Mama aliniambia, "Mwambieni asiingie."

Nilijua anamsema nani. Alilirudia, kisha hakusema tena. Mkono wake ulibaki kwenye nondo.

Naomba nipumzike kidogo.

Injinia alifika wakati moshi umeshakuwa mweusi. Watu wanne walimshika. Nilikwenda mbele yake nikamwambia, "Mama amesema usiingie." Aliacha kujirusha. Alikaa chini, kwenye matope ya maji tuliyomwaga, na hakulia.

Gari la zimamoto lilifika na kufanya kazi kwa muda mrefu. Walimwaga maji mengi sana juu ya lile gunia hata baada ya moto kuisha, na walilitoa nje kwa koleo. Zimamoto mmoja alipokuwa anakunja mpira wa maji nilimuuliza. Aliniambia betri inaweza kuwa imekufa kwa simu tu, haiwezi tena kuiwasha, lakini ndani bado imebaki na nguvu, na ikivimba au ikipondwa inajichoma yenyewe. Alilisema kama mtu anayesema mvua inalowesha. Alikuwa anazungumza na mimi peke yangu. Wengine wote walikuwa kule maiti ilikotolewa.

Sasa nasema habari za Sumaku.

Mtu mmoja, sikuona ni nani, aliuliza nani alikuwa hapa kabla ya moto. Mwingine akajibu kwamba Sumaku ameonekana akitoka getini. Hapo hapo nikasikia neno linapita mdomo hadi mdomo kwamba moto haujiwashi. Nilisema kwa sauti kwamba nilikuwepo, kwamba Sumaku aliondoka kabla, kwamba ni gunia. Waliokuwa karibu walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyechanganyikiwa. Walikuwa wakimjua kwa moshi, na leo pamewaka moto. Kwao hesabu ilikuwa imekamilika.

Walimkuta penye kibanda cha chai kwenye kona, mkokoteni wake kando yake. Mtu aliyechoma nyumba hakai kona ya pili akasubiri chai ipoe. Walimleta hadi mbele ya nyumba. Alikuwa anauliza, "Mama yuko wapi? Mama ametoka?" Hakuwa ameelewa kwamba analetwa kwa kosa.

Fundi umeme wa mtaa alikuwepo. Ndiye aliyetufungia umeme nyumba nzima, mtu mzima, ninamheshimu. Watu walimuuliza yeye. Nilimwambia nilichokiona, tangu mlio hadi moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Vifungo, betri ikifa imekufa. Nimezitupa nyingi. Isiyoweza kuwasha balbu itawashaje nyumba?"

Sidhani alisema kwa ubaya. Alisema alichokijua. Lakini baada ya yeye kusema, maneno yangu hayakuwa na pa kukaa.

Nikamwendea shemeji yangu. Alikuwa amesimama sasa. Nilimshika bega nikamwambia, "Shemeji, nimeona kwa macho yangu. Hakuna mtu aliyewasha. Ni lile gunia, lilipondwa na mashine."

Alinitazama. Nina hakika alinisikia, kwa sababu midomo yake ilisogea kama mtu anayerudia neno. Kisha akainama akaokota kile kipande cha bomba kilichotumika kung'olea nondo.

Aliyempiga Sumaku wa kwanza ni shemeji yangu. Alimpiga kichwani, upande wa kulia. Sumaku alimwita kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo mama yake alimwita. Akampiga tena. Baada ya hapo waliingia wengine, na mimi nilijitupa juu ya yule mtu nikavutwa kwa miguu. Waliompiga baadaye niliowatambua nimemtajia afisa na ameandika kwenye karatasi nyingine. Fundi umeme hakupiga. Alikuwa anasema basi, basi, lakini alisema baada ya muda wake kupita. Polisi walifika watu wakiwa wameshatawanyika, wakamchukua Sumaku hospitali akiwa hai.

Tulimzika mama siku iliyofuata. Watu walikuwa wengi. Injinia walimshika mkono wakimwambia ni mwanamume, amelipiza uchungu wa mama yake. Yeye alikuwa anatazama viatu vyao.

Baada ya mazishi, mchana, alikuja barazani kwangu akakaa kwenye kigoda cha wateja. Nguo zake zilikuwa bado na harufu ya ule moto. Akaniuliza mlio niliousikia ulikuwaje. Nikamweleza. Akauliza moshi ulikuwa rangi gani mwanzo. Nikasema mweupe. Akauliza kama mlio ulitangulia moshi au moshi ulitangulia mlio. Nilimjibu yote. Aliniuliza kama fundi anayemuuliza mteja kifaa kilianzaje kuharibika, na nilipomaliza aliinuka akaenda bila kuaga.

Sumaku alifariki hospitalini siku ya Ijumaa. Nilipopata habari nilikwenda kwake. Wanaishi chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Hapakuwa na watu waliokuja kutoa pole, ila dada yake mmoja na jirani wa mlango wa pili. Mkewe alikuwa ananikumbuka kwa sababu niliwahi kumshonea watoto wake sare. Alinipa kiti, yeye akakaa chini. Alisema watoto wamerudishwa nyumbani na maneno ya wenzao, kwamba baba yao alichoma bibi wa watu. Kisha akaniuliza bila kuinua sauti.

"Wewe ulikuwepo. Alichoma?"

Nikamjibu hakuchoma.

"Basi usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua. Kaseme mahali panapoandikwa."

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ananisubiri chumbani kwangu. Alikuwa amekwisha kusikia nilikotoka. Mtaa wetu hauna siri, una kuchelewa kidogo tu. Hakuanza kwa ukali. Alinipikia chai kwanza. Aliniambia niseme sikuona, kwamba nilikuwa nimeinama kwenye kazi, na hakuna atakayeweza kunipinga kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo. Alisema aliyekufa hafufuki kwa maneno yangu, na mumewe amepoteza mama, amepoteza nyumba, sasa nataka apoteze na jua gerezani. Aliniambia kuna mtoto tumboni. Sikuwa najua. Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na uso wangu haukujua uoneshe lipi.

Nilimwambia kwamba Sumaku pia ana watoto, nao watabeba jina la mchomaji mpaka uzeeni. Mdogo wangu alisema wale si damu yangu. Nilimwambia ni kweli, si damu yangu.

Alisema, "Dada, wewe ndiye mama yangu. Mama hampeleki mwanawe kwa polisi."

Nimemlea kwa mikono hii, na kama angeniomba figo ningempa bila kuuliza ya nini. Aliomba kitu ambacho si changu.

Asubuhi ya leo nilipofungua mlango alikuwa amekaa kizingitini. Aliniambia nikienda nisimhesabu tena kama mdogo wangu. Nikamruka, kwa kuwa hakusogea, na pindo la gauni langu likapita juu ya bega lake. Ndivyo nilivyokuja hapa.

Afisa ameniuliza kama nina chuki na mume wa mdogo wangu. Sina. Ameniuliza kama nadhani alijua betri zile zingeweza kuwaka. Nasema hakujua. Angejua asingeziweka kwenye pazia la mama yake. Alidhani kilichokufa hakina madhara, na mtaa mzima ulidhani hivyo, na mimi nilicheka pamoja nao. Ameniuliza tena kama nadhani alijua, wakati anaokota lile bomba, kwamba Sumaku hana hatia. Jibu langu ni kwamba nilikuwa nimemwambia.

Ameniuliza mapipa yako wapi sasa. Yapo. Jana jioni nilipita nikakuta la sokoni limejaa, na juu kabisa mtu ameweka simu ya mtoto ya kuchezea na betri zake ndani. Nilizitoa betri, nikasimama nazo mkononi nisijue pa kuzipeleka. Ninazo kwenye mkoba huu. Nimemwonyesha afisa, naye hajui.

Sina la kuongeza. Nimesomewa maneno haya tangu mwanzo, nimeyakuta ni yangu, hakuna lililozidishwa wala lililofichwa, na niko tayari kuyasema tena mbele ya hakimu, hata kama shemeji yangu atakuwa amekaa mbele yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wa kulia; wa kushoto umefungwa bandeji)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya mwenyewe, kwa lugha ambayo shahidi anaielewa vizuri, na nimemsomea kabla hajatia sahihi. Shahidi alikuwa na akili timamu. Alisimama mara mbili wakati wa kuandika ili apate hewa.

Shahidi alipotoka, nilimkuta kwenye benchi la ukumbini mwanamume aliyetajwa ndani ya maelezo kwa jina la Injinia. Askari wa zamu anasema alikuwapo tangu milango ilipofunguliwa, kabla ya shahidi kufika, na hakuwa ameeleza shida yake. Alimpisha shahidi njia. Hawakusemeshana. Aliniomba asomewe alichosema shemeji yake, nikamweleza kwamba maelezo ya shahidi hayasomwi kwa mtu mwingine. Alisema hakuna haja basi, huyo hasemi uongo, na akaomba aandikiwe na yeye ya kwake.

Nimemweleza haki zake. Amesema ameelewa. Nimechukua karatasi mpya.